Uwakili na Kupotewa na Akili: Historia ya Kanuni Moja ya Sheria

Katika Minhaj at-Talibin, kitabu cha fikihi cha Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 1277), ambacho wanazuoni wa madhehebu ya Shafii wa pwani yetu wamekisomesha kwa vizazi vingi, imeelezwa kwamba uwakili huvunjika pale mmoja wa wawili hao, mwenye mali au wakili wake, anapokufa au anapopatwa na wazimu. Kisha mwandishi aongeza kwamba hata kuzimia huuvunja, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Msomaji wa leo hustaajabu. Mtu huweka wakili ili asimamiwe mambo yake asipoweza kuyasimamia mwenyewe. Mbona idhini hiyo inakufa siku ile ile inapohitajiwa?

Maneno yenyewe yana habari zake. Kwa Kiarabu wakala ni mkataba, si mtu. Mtu ni wakil. Kiswahili kimeyapokea yote mawili na kuyagawia kazi nyingine: wakili siku hizi ni mtu wa mahakamani kwanza, na wakala ni mtu afanyaye shughuli kwa niaba ya mwingine, hata amepata wingi wake, mawakala. Hapa nitauita mkataba uwakili, na mtu nitamwita wakili kwa maana yake ya zamani. Ng'ambo ya mauti tuna wosia na wasii. Baina ya uwakili na wosia pana pengo: mtu yu hai, kwa hiyo wasii hana kazi; akili imemtoka, kwa hiyo wakili hana idhini. Aliyebaki ni wali, anayetajwa katika Kurani, sura ya pili, aya ya 282, kuwa ndiye atakayesema kwa niaba ya mdaiwa asiyeweza kusema mwenyewe. Lakini wali huwekwa na sheria au na kadhi. Mgonjwa hakumchagua.

Waingereza, ambao hawakuchukua fikihi kutoka kwetu, walifika pahali pale pale. Hati yao ya kale iitwayo Prerogativa Regis, ya mwishoni mwa karne ya 13 au mwanzoni mwa karne ya 14, ilitenga watu wa namna mbili: punguani tangu kuzaliwa, ambaye mfalme alishika ardhi yake na kula mapato yake, na yule aliyekuwa na akili ikampotea, ambaye mfalme alimtunzia mali bila ya kujinufaisha, kwa kuwa huenda akapona. Mzee aliyedhoofika kwa umri hakuwa na nafasi iliyo wazi katika mgawanyo huo. Mwaka 1802 ndipo Lord Eldon, katika shauri la Ridgeway na Darwin, alipokubali kwamba ulinzi wa mahakama humfikia pia mtu asiyeweza kuongoza mambo yake kwa sababu ya udhaifu wa akili, ijapokuwa si mwendawazimu.

Swali la uwakili lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani mwaka 1879. Bwana Nunn alikuwa amempa mkewe idhini ya kutenda kwa jina lake, na mfanyabiashara Drew alilijua hilo. Nunn akarukwa na akili, akatiwa katika nyumba ya wagonjwa. Mke akaendelea kuchukua bidhaa kwa Drew, ambaye hakupata habari ya maradhi. Nunn alipopona alikataa kulipa. Mahakama ikasema kwamba wazimu ulikuwa umeikata idhini ya mke, lakini Nunn alipe, maana ndiye aliyemfanya Drew aamini. Mwaka 1910, katika shauri la Yonge na Toynbee, mzigo uliangukia upande mwingine. Mawakili wa mahakamani walimtetea mteja wao pasipo kujua kwamba alikuwa amekwisha kupotewa na akili, na wao wenyewe wakaamriwa kulipa gharama za mdai. Hawakuwa na kosa lolote ila la kudhani kwamba bado wana mtu nyuma yao.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoletwa Afrika ya Mashariki na sheria ya mikataba ya India ya mwaka 1872, iliyotumika katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, na Tanganyika ilipotunga sheria yake mwenyewe mwaka 1961 iliihifadhi. Kifungu cha 201 cha sheria ya India chasema uwakili hukoma kwa kifo au kwa kuharibika akili. Wachache hukumbuka kifungu cha 209, nacho kina uzito: wakili ambaye mwenye mali amekufa au amerukwa na akili hana budi kuchukua hatua zote za busara kulinda alichokabidhiwa. Yaani idhini imekwisha, amana haijakwisha.

Kwa maoni yangu, kifungu hiki chafichua sababu ya kanuni nzima. Wanasheria wa kale hawakuwa wazembe wala wakatili. Wakili alikuwa halali kwa sababu aliyemweka aliweza kumwuliza hesabu leo na kumwondoa kesho. Jicho hilo likizimika, wakili hageuki kuwa mlinzi. Amekuwa mwenye mali asiye na wa kumwuliza. Nawawi, akitaja hata kuzimia, alikuwa akiufuata msingi huo huo mpaka mwisho wake.

Basi waliotaka kubadili kanuni iliwapasa watafute jicho jingine. Jimbo la Virginia, Marekani, lilikuwa la kwanza huko, mwaka 1954, kuruhusu hati ya uwakili itamke kwamba itaendelea hata mtoaji akipoteza uwezo. Majimbo mengine yakafuata, hasa baada ya sheria ya mfano ya mwaka 1969. Njia hiyo ilikuwa nyepesi, na karibu yote yaliachwa kwenye uaminifu wa wakili. Uingereza ilikawia mpaka sheria ya mwaka 1985, ikamlazimisha wakili kuandikisha hati mahakamani na kuwaarifu jamaa mara aonapo kwamba akili ya mtoaji yaanza kupungua. Mwaka 1988 Jaji Hoffmann aliamua, kwa hekima, kwamba mtu aweza kutoa hati kama hiyo ilhali hawezi tena kuendesha mambo yake, mradi tu aelewe anachokitoa. Kwani kujua nani wa kumwamini ni akili ya namna yake, na mara nyingi hudumu baada ya hesabu za fedha kupotea. Kisha sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2007, ikataka hati iandikishwe kabla ya kutumiwa na mtu mwingine athibitishe kwamba mtoaji hakushurutishwa. Ikaongeza pia uwakili wa mambo ya matibabu na maisha ya kila siku, ambao sheria ya 1985 haikuugusa.

Limebaki jina. Wengine husema uwakili wa kudumu, lakini hati yenyewe haidumu kwa lazima: mtoaji aweza kuifuta wakati wowote akili yake ikiwa timamu. Naona uwakili wa akiba ungefaa zaidi, kwa kuwa huwekwa leo kwa ajili ya siku isiyojulikana. Tena hauchanganyikani na wosia, maana aliyeuweka atarajia kuwa bado hai siku utakapotumika.