Muuguzi hutia saini, mwanafunzi hurudi nyumbani

Katika hospitali za Marekani kuna fomu fupi ambayo mfanyakazi asiyetaka chanjo ya homa ya ini aina B huijaza. Maneno yake yalipangwa na serikali yenyewe, kwenye kanuni iliyotolewa Desemba 1991 na OSHA, idara inayosimamia usalama kazini. Mfanyakazi anakiri kwamba kazi yake inamkutanisha na damu za watu, kwamba ameelezwa hatari iliyopo, kwamba mwajiri amempa nafasi ya kuchanjwa bure, na kwamba ameikataa. Anatia saini, anarudi kazini. Akibadili mawazo mwaka ujao, chanjo atapewa, na bado hatalipa senti.

Nyuma yake wodini yupo mwanafunzi wa uuguzi, ameshika sinia lenye sindano zilezile. Huyu hajaajiriwa, kwa hiyo kanuni ya 1991 haimgusi. Kinachomgusa ni mkataba kati ya chuo chake na hospitali, na mikataba hiyo imezoea kudai orodha ndefu: homa ya ini B, surua, matumbwitumbwi, rubela, tetekuwanga, pepopunda, mafua ya kila mwaka, pamoja na kipimo cha kifua kikuu. Vyuo vingine humruhusu naye asaini kukataa chanjo ya homa ya ini. Vingi humwambia alete vyeti vyote au akae nyumbani. Asipoingia wodini hapati saa za mafunzo kwa vitendo, na bila saa hizo hakuna leseni. Gharama, mara nyingi, hutoka mfukoni mwake.

Anayetaka kujua mambo yalifikaje hapo aanzie Oslo, miaka mia moja iliyopita.

Mwaka 1924 daktari Johannes Heimbeck wa hospitali ya Ullevål alianza kuwapima kwa kipimo cha ngozi wasichana waliokuja kusomea uuguzi, ajue nani amewahi kuambukizwa vijidudu vya kifua kikuu. Madaktari wengi wa siku hizo waliamini kwamba mtu akifika utu uzima huwa amekwisha kukutana na vijidudu hivyo, na kwamba anayeugua ukubwani anaamsha ugonjwa aliokuwa nao tangu utotoni. Imani hiyo iliwafaa sana wenye hospitali, kwa kuwa iliwaondolea lawama. Heimbeck akakuta kwamba karibu nusu ya wanafunzi wake walikuwa hawajawahi kuambukizwa kabisa. Akawafuatilia. Walipokaribia kumaliza miaka mitatu ya mafunzo, karibu wote walikuwa wameambukizwa, na walioanguka kitandani walikuwa hasa wale walioingia wakiwa hawana vijidudu. Mabinti wenye afya walikuwa wanaugulia mahali walipokwenda kujifunza kuuguza.

Mwaka 1927 akaanza kuwapa chanjo ya BCG wale ambao kipimo hakikuonyesha kitu. Chanjo yenyewe, kazi ya Wafaransa Calmette na Guérin, ilikuwa imeingia mwilini mwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1921. Heimbeck hakumlazimisha mtu. Waliotaka walichanjwa, wasiotaka waliachwa, na kwa sababu hiyo akapata makundi mawili ya kulinganisha. Waliochanjwa waliugua kwa kiwango cha chini sana.

Lakini tusiwacheke waliokataa. Mwaka 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa BCG iliyokuwa imechanganyika maabara na vijidudu vikali vya kifua kikuu. Zaidi ya 70 walikufa. Kosa lilikuwa la maabara, chanjo haikuwa na hatia, ila msichana wa Oslo aliyesoma habari hiyo gazetini angepaswa kuwa na moyo wa aina gani ili asiogope? Hata hivyo kazi iliendelea. Huko Saskatchewan, Kanada, daktari R. G. Ferguson alianza mwaka 1938 kuwachanja wanafunzi wa uuguzi ambao kipimo chao hakikuonyesha maambukizi. Mwaka 1947 Norway ikaifanya BCG kuwa lazima kwa wasio na maambukizi.

Marekani haikuifuata njia hiyo ya BCG. Huko chanjo iliyoyabadili masharti ya kuingia wodini ilikuwa ya homa ya ini.

Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B iliidhinishwa Marekani mwaka 1981, na ilitengenezwa kutokana na plazma ya damu ya watu wenye virusi hivyo. Mwaka huohuo ndipo zilipotangazwa habari za kwanza za ugonjwa ulioitwa UKIMWI baadaye, na kwa kuwa wengi wa waliotoa plazma ile walikuwa wanaume mashoga, wahudumu wa afya wakaingiwa na hofu. Plazma ilikuwa ikipitishwa kwenye dawa kali za kuua virusi vya kila namna, lakini ufafanuzi wa kitaalamu haukuuondoa wasiwasi wa mtu anayesubiri kudungwa. Mambo yalitulia baada ya mwaka 1986, ilipokuja chanjo mpya iliyotengenezwa kwa kutumia hamira, isiyo na tone la damu ya mtu.

Hatari iliyokuwepo ilikuwa kubwa. Ambaye hana kinga, akijichoma na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi vingi vya homa ya ini B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30. Kwa Virusi vya UKIMWI ni kama asilimia 0.3 tu. Inakadiriwa kuwa mwaka 1983 wahudumu wa afya 17,000 hivi waliambukizwa homa ya ini B nchini humo. Mwaka 1995 walikuwa kama 400. Chanjo haikuifanya kazi hiyo peke yake, glavu na masanduku ya kutupia sindano yalisaidia. Lakini ukizitazama tarakimu hizo ni vigumu kubishana na orodha ya chuo, na mimi sibishani nayo. Ninachouliza ni kwa nini nafasi ya kusema hapana iligawiwa jinsi ilivyogawiwa.

Seattle inatoa jibu. Hospitali ya Virginia Mason ilikuwa ya kwanza Marekani kuifanya chanjo ya mafua kuwa sharti la kazi, katika msimu wa mwaka 2005. Wauguzi walikuwa na chama cha wafanyakazi. Chama kikalipeleka suala hilo kwa msuluhishi, kikashinda, na mwaka 2007 mahakama ya rufaa ikaubariki ushindi huo: sharti jipya la kazi haliwezi kuletwa bila kujadiliana na chama. Wauguzi waliokataa wakatakiwa kuvaa barakoa msimu wa mafua, kazi wakabaki nayo. Mwanafunzi hana chama cha kumpeleka mezani.

Njia iliyobaki kwake ni kuomba msamaha. Kuna msamaha wa kiafya: mwenye mzio mkali, mjamzito kwa chanjo za virusi hai kama surua na rubela, mwenye kinga iliyodhoofika. Huo hauna ugomvi mkubwa. Kuna na ule wa dini au dhamiri, ambao ni mkongwe kuliko wengi wanavyodhani. Uingereza iliilazimisha chanjo ya ndui kwa watoto wachanga mwaka 1853, ikapingwa kwa miongo mingi, hadi sheria ya mwaka 1898 ikamruhusu mzazi apate cheti cha kumwondoa mtoto wake kwa sababu ya dhamiri. Huko Massachusetts mchungaji Henning Jacobson alikataa chanjo ya ndui, akatozwa faini ya dola 5, akaifikisha kesi Mahakama ya Juu, na mwaka 1905 akashindwa. Kuna na msamaha wa ajabu kidogo, wa tarehe ya kuzaliwa: sheria ya vyuo ya jimbo la New York haimdai cheti cha surua aliyezaliwa kabla ya mwaka 1957, kwa kuwa anahesabiwa ameshaugua utotoni.

Tatizo la mwanafunzi ni kwamba anatumikia mabwana wawili. Chuo kinaweza kuupokea msamaha wake wa dini, na hospitali ikasema kwetu haupiti. Chuo hakina ubavu wa kuilazimisha hospitali, na kikimsumbua mwenyeji wake kinaweza kukosa nafasi za wanafunzi wote.

UVIKO-19 ndiyo iliyomwingiza mwanafunzi rasmi kwenye kanuni ya taifa. Novemba 2021 serikali ya Marekani iliamuru chanjo kwa watu wapatao milioni 10 katika taasisi zinazolipwa na bima za umma za Medicare na Medicaid, na orodha ikawataja waziwazi wanafunzi na wanaojitolea. Milango ya msamaha ilikuwa miwili, afya na dini. Tarehe 13 Januari 2022 Mahakama ya Juu iliiruhusu kanuni hiyo, na siku hiyohiyo ikaizuia ile ya OSHA iliyowahusu waajiri wakubwa wa sekta zote. Mwaka 2023 serikali ikaifuta ile iliyoruhusiwa, na mwanafunzi akarudi chini ya mkataba wa chuo na hospitali.

Vijana wetu wanaokwenda kusomea uuguzi Marekani hukumbana na masharti haya kwa namna yao. Kwa kuwa walichanjwa BCG wakiwa wachanga, kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba hata kama hawana maambukizi, nao hupelekwa picha ya kifua. Siku hizi kipo kipimo cha damu kisichodanganywa na BCG, na ni vyema kukiomba mapema. Homa ya ini nayo ina mtego wake. Kenya iliingiza chanjo hiyo kwa watoto mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002, hivyo kijana wa miaka 20 leo huenda alichanjwa. Lakini kingamwili hupungua kadiri miaka inavyopita, na kipimo kinaweza kuonyesha kiwango kilicho chini ya kinachohitajika ilhali mwili bado unakumbuka. Mwenye kadi ya kliniki hupewa dozi moja ya kuuamsha mwili, kisha hupimwa tena baada ya mwezi mmoja au miwili. Asiye na kadi kwa kawaida huanzishwa upya: dozi tatu, ambazo kwa ratiba ya kawaida huchukua miezi sita, na muhula wa mafunzo wodini haumsubiri.