Mtoto akinyanyaswa kwenye klabu ya michezo Kigali: nani anawajibika, na ulalamike wapi?

Watoto wengi wa wakimbizi wanaoishi Kigali wanacheza mpira wa miguu, basketi au wanajifunza karate mtaani. Kwa mzazi, kocha ni mtu wa kushukuriwa: anafundisha bila malipo, anatafuta viatu, anasema mtoto ana kipaji. Ndiyo maana likitokea jambo baya, familia nyingi hunyamaza.

Makala hii inakueleza kwamba kuna wawili wanaoweza kuulizwa: mtu aliyemnyanyasa mtoto, na taasisi iliyojua au iliyopaswa kujua ikakaa kimya. Kila mmoja ana njia yake ya kulalamikiwa.

Kwa nini klabu nayo inawajibika?

Klabu ndiyo inayomchagua kocha, inayompa funguo za chumba cha kubadilishia nguo na inayomruhusu kusafiri na watoto. Ikipokea malalamiko na kumhamishia kocha huyo timu nyingine, imewaweka watoto wengine kwenye hatari.

Hili limethibitishwa hapa Afrika. Mnamo Juni 2021 shirika la Human Rights Watch na gazeti la New York Times walitoa taarifa za wasichana wa timu ya vijana ya basketi ya Mali waliosema walinyanyaswa kingono na kocha. Shirikisho la basketi la dunia, FIBA, lilimpa Richard McLaren wa Kanada kazi ya kuchunguza. Ripoti yake ilitoka Septemba 2021, siku chache baada ya Kigali kumaliza kuandaa mashindano ya AfroBasket. Ilisema kwamba ndani ya basketi ya Mali unyanyasaji ulikuwa umezoeleka na kukubaliwa. Lawama haikuishia kwa kocha.

Nchini Marekani, daktari wa timu ya jimnastiki Larry Nassar alinyanyasa mamia ya wasichana kwa miaka mingi, ingawa baadhi yao walikuwa wamewaambia wakubwa. Yeye alifungwa. Lakini chuo kikuu cha Michigan State, alikofanya kazi, kilikubali mwaka 2018 kulipa dola milioni 500 kwa waathirika. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani nayo ilikubali kulipa dola milioni 138.7, kwa sababu wapelelezi wa FBI walipewa taarifa mwaka 2015 na hawakuchukua hatua inayofaa.

Na kama timu inaendeshwa na shirika la misaada?

Mwaka 2002 ripoti ya UNHCR na Save the Children ilionyesha kuwa wakimbizi wa Afrika Magharibi, wakiwemo watoto, walidaiwa ngono ili wapewe msaada. Mwaka uliofuata Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alitoa kanuni inayowakataza wafanyakazi wa Umoja huo kufanya ngono na mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Kusema "sikujua umri wake" hakukubaliki. Mashirika yanayofanya kazi kwa makubaliano na Umoja wa Mataifa yanatakiwa kufuata kanuni hiyo.

Uliza haya kabla ya kumwandikisha mtoto

- Klabu imesajiliwa wapi, na kiongozi wake ni nani?
- Je, ina sera ya ulinzi wa mtoto iliyoandikwa? Omba kuiona.
- Kocha alifundisha wapi kabla ya hapa, na kwa nini aliondoka?
- Nani anapokea malalamiko, ikiwa mlalamikiwa ni kocha mwenyewe?
- Watoto wakisafiri, wanalala wapi na nani anawasimamia?
- Je, mzazi anaruhusiwa kukaa na kutazama mazoezi?

Klabu nzuri haikasiriki ukiuliza. Kuwa macho na kocha anayempa mtoto mmoja zawadi za siri, anayemwandikia ujumbe usiku au anayemwita nyumbani kwake peke yake.

Mtoto akikueleza kuwa amenyanyaswa

1. Msikilize na umwambie kuwa si kosa lake. Usimhoji mara nyingi. Andika maneno yake kama alivyoyasema, pamoja na tarehe.
2. Kama ni unyanyasaji wa kingono, mpeleke mara moja Isange One Stop Center. Kituo cha kwanza kilifunguliwa mwaka 2009 katika hospitali ya polisi ya Kacyiru. Sasa huduma hii ipo katika hospitali nyingi za wilaya. Utapata matibabu, ushauri nasaha, uchukuaji wa ushahidi na msaada wa kisheria bila malipo. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.
3. Asioge wala kufua nguo kabla ya kupimwa. Weka nguo hizo kwenye mfuko wa karatasi. Hata kama siku zimepita, nenda.
4. Toa taarifa kwa RIB, ofisi ya upelelezi ya Rwanda.
5. Usikubali kupatana kwa pesa. Abunzi na wazee wa jumuiya hawana mamlaka ya kumaliza kosa la jinai la namna hii.

Malalamiko ya pili: dhidi ya taasisi

Andika barua fupi kwa uongozi wa klabu. Eleza lini waliambiwa, nani aliambiwa na walifanya nini. Peleka nakala kwa shirikisho la mchezo huo, kwa mfano FERWAFA kwa mpira wa miguu au FERWABA kwa basketi. Omba wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako na uitunze. Itaonyesha tarehe waliyojua. RIB nao waambie kama kuna viongozi walioficha.

Kama mhusika ni mfanyakazi wa UNHCR au wa shirika mshirika, unaweza kuandikia inspector@unhcr.org.

"Nikilalamika, nitaharibu faili yangu?"

Hapana. Kuripoti unyanyasaji hakupaswi kuathiri hadhi yako ya ukimbizi, msaada unaopata wala kesi yako ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mtu akikutisha hivyo, taja vitisho hivyo kwenye malalamiko. Kama lugha ni kikwazo, omba mkalimani. Unaweza pia kuanza na Inshuti z'Umuryango wa mudugudu wako: ni wajitolea wawili, mwanamke na mwanamume, wanaoshughulikia ulinzi wa watoto.

Namba za kupiga

- 116: msaada kwa watoto
- 3029: Isange One Stop Center
- 3512: ukatili wa kijinsia
- 166: RIB
- 112: polisi, kwa dharura