Wadongria Kondh wa Milima ya Niyamgiri

Wadongria Kondh huishi kwenye miteremko ya Niyamgiri, safu ya milima yenye misitu katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Lugha yao ni Kuvi. Hulima ulezi, manjano na mananasi katikati ya miti, na maji yao hutoka kwenye vijito vya milima hiyohiyo. Juu kileleni ni makao ya Niyam Raja, mungu anayehesabiwa kuwa mzazi wao na mtoa sheria, hivyo kukata miti huko ni mwiko. Shali nyeupe ya kapdaganda, inayotariziwa na wanawake kwa nyuzi nyekundu, njano na kijani, hupewa mpendwa au ndugu.

Chini ya kilele kuna boksiti, na hapo ndipo mgogoro ulipoanza. Kampuni ya Vedanta, yenye kiwanda cha alumina huko Lanjigarh, iliitaka, na serikali ya jimbo ikaunga mkono. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya India, ikitegemea Sheria ya Haki za Misitu ya mwaka 2006, iliamua kwamba mabaraza ya vijiji yaulizwe kwanza. Vijiji 12 vilichaguliwa. Vyote 12 vilikataa, jambo lisilo la kawaida katika historia ya uchimbaji madini nchini humo. Januari 2014 Wizara ya Mazingira ilinyima kibali.

Mwaka 2016 shirika la madini la jimbo liliomba vijiji viulizwe upya. Mahakama ilikataa ombi hilo.