Saitokini: kichochezi au mbiu?

Mtu akiniambia saitokini tuiite "kichochezi cha kinga", namkubalia nusu tu. Ni kweli, makrofaji, ile seli ya kinga inayomeza vijidudu, ikigusa vipande vya ukuta wa bakteria humwaga saitokini ziitwazo TNF na interleukini-6, na homa hupanda. Lakini baadaye seli hiyohiyo hutoa interleukini-10, ambayo kazi yake ni kupoza mambo. Hiyo nayo inachochea nini?

Jina lilibuniwa mwaka 1974 na Stanley Cohen na wenzake, kwa kuunga neno la Kigiriki la chombo, linalotumika kwa seli, na lile la mwendo. Uchochezi haumo. Mimi napendelea "mbiu ya seli", maana mbiu huwaita watu vitani, na mbiu hiyohiyo huweza kuwatangazia warudi makwao.

Tofauti hiyo huonekana dawa inapoingia. Haidrokotisoni haiui bakteria hata mmoja. Hupenya ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake, kisha vyote viwili huingia kwenye kiini na kuzibana jeni za TNF na interleukini-6. Bakteria wapo palepale, ila mbiu imeshushwa sauti. (Ndiyo maana antibiotiki haiachwi.)

Je, kuishusha kunaokoa maisha? Watafiti wa George Institute, Sydney, walipima athari ya dawa hiyo katika jaribio la ADRENAL, lililochapishwa mwaka 2018. Waliandikisha wagonjwa mahututi 3,800 wanaopumulia mashine, ambao maambukizi yalikuwa yameporomosha shinikizo lao la damu, hali iitwayo mshtuko. Kundi moja lilipewa miligramu 200 kwa siku, dripu ikitiririka mchana na usiku hadi siku 7. La pili lilitundikiwa dripu kama hiyo, isiyo na dawa ndani. Kufikia siku ya 90 walikuwa wamefariki asilimia 27.9 upande wa dawa na 28.8 upande wa pili: tofauti isiyo na uzito. Hata hivyo, waliopewa dawa kwa kawaida walitoka kwenye mshtuko siku ya 3, wenzao siku ya 4.

Kwangu, hesabu hiyo ni hoja ya msamiati pia. Anayesikia "kichochezi" hudhani kukizima ni heri tupu. Basi kwenye kamusi ningeandika hivi: saitokini nm (hii, hizi), mbiu ya seli, protini ambayo seli hutoa kuziita nyingine au kuzituliza.