Mlango wa Karatasi ya Kura

Hapo zamani katika Marekani kila chama kilijichapia karatasi zake za kura na kuwagawia watu. Karatasi aliyoishika mtu ilionekana na wote, hata hongo na vitisho vikazidi. Basi mwaka 1888 jimbo la Massachusetts liliweka kura ya siri kwa mfano wa Australia: serikali ndiyo iliyochapa karatasi moja yenye majina yote, na majimbo mengine yakafuata. Dawa hiyo ilikuwa njema. Lakini achapaye karatasi ndiye mlinzi wa mlango.

Katika Ohio mlango huo ulifanywa mwembamba mno. Mwaka 1968 chama kipya kilitakiwa kuleta sahihi 433,100, yaani 15 katika kila kura 100 zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliotangulia, tena miezi 9 kabla ya uchaguzi. Wafuasi wa George Wallace walipata zaidi ya 450,000, ila walichelewa, wakakataliwa.

Wallace huyo ndiye aliyesimama mlangoni pa Chuo Kikuu cha Alabama mwaka 1963 ili kuwazuia wanafunzi weusi. Hata hivyo Mahakama Kuu iliamuru jina lake liandikwe, kwa nguvu ya sharti la usawa lililotiwa katika Katiba mwaka 1868 ili kuwalinda watumwa waliowekwa huru.

Basi, ndugu msomaji, sheria ya haki humfungulia mlango hata yeye aliyewafungia wengine.