Upimaji wa matokeo ya elimu inayogharamiwa na umma

Upimaji wa matokeo ya elimu ya umma ni kazi ya kubaini kama fedha za serikali zimeongeza ujuzi wa wanafunzi. Kwa muda mrefu kigezo kilikuwa idadi: Tanzania ilipofuta ada ya shule za msingi chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM, 2002–2006), na Kenya mwaka 2003, ongezeko la uandikishaji lilihesabiwa kuwa mafanikio. Kweli yalikuwa mafanikio, lakini ya kufika shuleni tu. Tangu mwaka 2009 tathmini ya Afrika Mashariki iitwayo Uwezo imewafuata watoto majumbani: mtoto hupewa silabi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wengi wa madarasa ya juu walikwama.

Hata hivyo, alama pekee hazionyeshi chanzo cha mabadiliko. Lazima pawe na kundi la kulinganisha. Jaribio la KiuFunza (2013–2014), lililohusisha shule 350 za Tanzania, liligawa shule hizo katika makundi kwa bahati nasibu. Ruzuku kwa shule peke yake haikuinua alama. Ilipoambatana na bakshishi kwa walimu kulingana na matokeo ya wanafunzi, ziliinuka. Wapo wanaosema mitihani huwafanya walimu wafundishe maswali tu, na hofu hiyo ni ya haki. Ila dawa yake ni kupanua kipimo. Asiyejua kusoma hana namna ya kujifunza sayansi wala historia kitabuni, na kuacha kumpima ni kumficha.