SAFU YA LUGHA: Mshana si mchana

Karani asiyelizoea jina Mshana huweza kuliandika "Mchana", kana kwamba mwenyewe alizaliwa saa saba juu ya alama. Jina hili halina undugu wowote na jua. Ni la ukoo wa Ugweno, Upare ya kaskazini: mmoja ni Mshana, wengi ni Washana, mafundi wa kuyeyusha na kufua chuma ambacho hata Wachaga walikitegemea.

Washana waliitawala Ugweno mpaka Wasuya walipowapindua, kisa kilichomo katika kitabu cha mwanahistoria Isaria Kimambo cha mwaka 1969. Jina la washindi nchi nzima inalijua: Cleopa Msuya alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1980 hadi 1983 na tena 1994 hadi 1995.

Sasa, "Washana" na "akina Mshana" si kitu kimoja. Washana ni ukoo mzima. Akina Mshana ni watu wa nyumba moja, baba, mama na watoto. Wala jina la ukoo si lazima liwe ubini, kwani wapo Washana wanaotumia jina la baba tu, na hao huwezi kuwatambua kwa kusoma orodha.

Ukishuka milimani hadi Nyumba ya Mungu, hesabu inavurugika zaidi. Bwawa lile la miaka ya 1960 lilivuta wavuvi wa makabila mengi, hivyo mwaloni Mshana, Mbwambo na Mmbaga hupanga foleni na majina yasiyojua hata Ugweno iko upande gani.